Herufi ya Mwisho: Wataalamu Walioitwa kwa Miji Yao

Msomaji wa historia ya hisabati na ya elimu ya nyota hawezi kukosa kuona jambo moja katika orodha ya majina. Al-Khwarizmi, al-Farghani, al-Battani, al-Razi, al-Biruni, al-Karaji, al-Tusi, al-Kashi: wote wanaishia kwa irabu moja, nayo ni i. Si ajabu mwanafunzi akidhani kwamba watu hawa walikuwa wa ukoo mmoja, kama akina Bernoulli wa Uswisi (ambao jina lao nalo, kwa sadfa tu, linaishia kwa i). Hawakuwa ndugu. Al-Khwarizmi alifariki karne tano kabla al-Kashi hajazaliwa, na miji walikotoka ilitengana kwa safari ya miezi kadhaa kwa ngamia.

Irabu hiyo ni kiambishi tamati cha Kiarabu ambacho wanasarufi hukiita nisba, maana yake uhusiano. Ikipachikwa mwishoni mwa jina la mahali, hulifanya kuwa jina la mtu wa mahali hapo: mtu wa mji wa Tus ni Tusi, wa Shiraz ni Shirazi. Kiswahili hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiambishi awali: mtu wa Pemba ni Mpemba, na wa Ngazija ni Mngazija. Mwarabu hulifunga jina mkiani, nasi hulifunga kichwani. Lipo hata hivyo neno moja maarufu lililofungwa kotekote. Pwani kwa Kiarabu ni sahil, na wingi wake ni sawahil. Ukiongeza irabu ya nisba unapata sawahili, yaani mtu au kitu cha pwani. Sisi tukaongeza M- yetu. Kwa hiyo kila tutamkapo neno Mswahili tunasema mara mbili katika neno moja kwamba mtu huyu ni wa pwani.

Nisba haikuwa pambo. Mtaalamu wa kwanza katika orodha yetu aliitwa Muhammad bin Musa, naye alifanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Mamun, aliyetawala kutoka mwaka 813 hadi 833. Katika mji huo huo na zama hizo hizo alikuwapo Muhammad bin Musa mwingine, mkubwa wa ndugu watatu waliojulikana kama Wana wa Musa, naye pia bingwa wa hisabati na nyota. Jina lao na jina la baba zao yalikuwa yale yale. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alihusishwa na Khwarazm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan.

Huyo al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya kanuni za al-jabr na al-muqabala. Neno jabr lina maana ya kurejesha au kuunga, na lilitumika pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Katika hesabu lilikuwa na maana ya kuondoa kiasi kinachopunguzwa upande mmoja wa mlinganyo kwa kukiongeza pande zote mbili. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mgawanyo wa mirathi, hesabu ambayo kadhi yeyote wa Lamu au Unguja angeitambua mara moja.

Hebu tutazame mfano wake mashuhuri, kwa kuwa mwalimu anaweza kuuchora ubaoni kwa dakika tano. Inatafutwa namba ambayo mraba wake, ukijumlishwa na mara kumi ya namba yenyewe, unakuwa 39. Al-Khwarizmi hakuwa na alama za x wala za kujumlisha; alieleza yote kwa maneno, kisha akathibitisha kwa umbo. Chora mraba ambao upande wake ni namba isiyojulikana. Zile mara kumi zigawe mafungu manne ya 2.5, na kila fungu liwe mstatili ulioegemea upande mmoja wa mraba. Sasa umbo linafanana na msalaba mnene, nalo lina eneo la 39. Pembeni zimebaki nafasi nne tupu, kila moja ni mraba wa 2.5 kwa 2.5, yaani 6.25; zote nne ni 25. Zikijazwa, umbo zima linakuwa mraba mkubwa wenye eneo la 64, na upande wake ni 8. Ondoa 2.5 kila upande, na namba iliyotafutwa ni 3. Kanuni ambayo wanafunzi wengi huikariri kama dua, wakisahau ilikotoka, imo yote katika mchoro huo.

Kitabu chake kingine, kilichoeleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Watafsiri hawakujua kwamba Khwarazm ni nchi. Walilichukua jina kama walivyolisikia, wakaandika Algorizmi, na baada ya vizazi vichache wasomaji wa Ulaya walisahau kwamba huyo alikuwa mtu. Wakadhani ni jina la ufundi wenyewe wa kuhesabu. Ndiyo asili ya neno algorithimu, linalotumika leo kwa utaratibu wa hatua kwa hatua unaofuatwa na kompyuta. Kila mtaalamu wa kompyuta ulimwenguni anaitaja nchi hiyo ya Khwarazm pasipo kujua.

Wenzake walipata majina ya Kilatini yaliyopambwa zaidi. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, aliitwa Albategnius. Yeye alipima urefu wa mwaka akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24, kipimo kilichopungua kwa dakika mbili na ushei tu, na Copernicus alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1543. Al-Farghani, mtu wa bonde la Fergana, aliitwa Alfraganus. Wote wawili wamepewa makreta juu ya uso wa Mwezi kwa majina hayo ya Kilatini, ambamo irabu ya nisba imefunikwa na mkia wa kigeni.

Kisa cha Alfraganus hakina budi kuelezwa kwa kirefu kidogo. Wanajimu wa Khalifa al-Mamun walipima katika nchi tambarare umbali unaolingana na digrii moja ya mzingo wa dunia, na al-Farghani akaandika matokeo hayo katika kitabu chake cha mafunzo ya nyota: maili 56 na theluthi mbili. Maili ya Kiarabu ilikuwa karibu mita 1,970, kwa hiyo digrii moja inakuwa takriban kilomita 112. Kipimo cha siku hizi ni takriban kilomita 111. Karne sita baadaye Christopher Columbus alikitumia kipimo hicho kilichokwisha kutafsiriwa, lakini akakihesabu kwa maili ya Kiitalia, ambayo haizidi mita 1,480. Digrii ikapungua hadi kilomita 84, na dunia nzima ikawa na mzingo wa kilomita 30,000 hivi badala ya 40,000. Kwa hesabu hiyo, na kwa kuirefusha Asia kupita kiasi, aliamini kwamba kutoka Hispania hadi pwani za Asia kwa upande wa magharibi ni safari fupi. Mwaka 1492 aling'oa nanga. Lau bara la Amerika lisingekuwapo njiani, mabaharia wake wangeishiwa na chakula na maji katikati ya bahari. Namba ilikuwa sahihi. Kilichopotea katika tafsiri ni kizio chake. Walimu wa fizikia wanaowakata wanafunzi alama kwa kusahau vizio wana ushahidi wa kutosha hapa.

Dunia hiyo hiyo ilipimwa kwa njia nyingine na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ile ile ya Khwarazm. Mbona basi naye hakuitwa Khwarizmi? Nisba hutegemea ni nani anayekuita na yuko wapi. Birun kwa Kiajemi ni nje, na Biruni ni mtu wa nje ya mji, yaani wa vitongojini. Inaelekea jina hilo walimpa watu wa mji mkuu wa huko kwao. Mtu aliyeitwa wa nje ya mji akaishia kuwa mmoja wa wataalamu walioujua ulimwengu kwa mapana zaidi katika zama zake. Alichukuliwa na Sultani Mahmud hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo, akajifunza Kisanskriti, na akaandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi. Humo anaeleza kwamba bandari ya Somnath ilipata sifa kwa kuwa ilikuwa kituo cha wasafiri wa baharini baina ya Uchina na Sofala katika nchi ya Zanji. Hivyo pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikwisha kuingia katika daftari lake kabla ya mwaka 1050.

Njia yake ya kupima dunia haihitaji kutembea jangwani. Akiwa katika ngome ya Nandana, ambayo sasa imo Pakistan, alipima kwanza urefu wa mlima ulioinuka juu ya tambarare. Kisha alipanda kileleni na kupima pembe ambayo upeo wa macho huteremka chini ya mstari mlalo. Aliipata kuwa dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii, karibu sawa na upana wa mwezi mpevu uonekanavyo angani. Mwanafunzi achore duara, mlima mdogo juu yake, na mstari kutoka kileleni unaoligusa duara. Nusu kipenyo cha duara, mstari huo, na mstari kutoka kileleni hadi kitovu cha dunia huunda pembetatu mraba. Kutokana na pembetatu hiyo hupatikana kwamba nusu kipenyo cha dunia ni sawa na urefu wa mlima ukizidishwa kwa kosaini ya pembe, kisha ukigawanywa kwa moja toa kosaini hiyo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hewa hupinda mwanga, na kigawanyo ni namba ndogo mno, kwa hiyo kosa la dakika moja tu katika pembe hukuzwa sana katika jibu. Kinachostahili sifa ni kwamba pembe moja na mlima mmoja vinatosha.

Nisba ina matatizo yake, na matatizo hayo yamewasumbua wanahistoria wa sayansi kwa muda mrefu. Kwanza, mji mmoja huzaa watu wengi. Mtu wa Ray, mji uliokuwa karibu na Teheran ya leo, huitwa Razi, kwa z ambayo haifuati kanuni ya kawaida. Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyefariki mwaka 925, ni tabibu aliyeandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, ni mfasiri wa Kurani na mwanafalsafa. Anayesema "al-Razi ameandika" pasipo kuongeza neno hajasema kitu. Hali kadhalika Nasir al-Din al-Tusi, aliyesimamia ujenzi wa kituo cha kuchunguzia nyota huko Maragha kuanzia mwaka 1259, si yule Sharaf al-Din al-Tusi aliyeshughulikia milinganyo ya kipeo cha tatu, ingawa wote wawili ni wanahisabati na wanatofautiana kwa vizazi viwili tu.

Pili, nisba huweza kutaja jambo lisilokuwa mji wa kuzaliwa. Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeandika mwaka 964 kitabu cha nyota ambamo alitaja wingu dogo katika kundi la Andromeda, ambalo sasa twajua ni galaksi nzima, alikuwa mtu wa Ray. Lakini jina alilolichukua ni la usufi. Al-Idrisi, aliyemchorea Mfalme Roger wa Sisilia ramani ya ulimwengu mwaka 1154 huku kusini ikiwa juu, na aliyeeleza habari za Malindi na Mombasa na chuma cha huko, anaitwa hivyo kwa ajili ya ukoo wa Idris. Al-Samawal al-Maghribi alizaliwa Baghdad. Ni baba yake aliyetoka Maghribi, katika mji wa Fez, na mtoto akaibeba safari ya baba maisha yake yote.

Tatu, kuna nukta. Mwanahisabati mkubwa wa mwanzo wa karne ya 11, aliyeonyesha namna ya kujumlisha na kuzidisha vipeo vya kitu kisichojulikana kama tufanyavyo kwa namba za kawaida, alijulikana Ulaya tangu mwaka 1853 kwa jina la al-Karkhi, mtu wa Karkh, kitongoji cha Baghdad. Wanaosoma hati za Kiarabu wanajua kwamba herufi kh na herufi j zina umbo moja. Tofauti yake ni nukta, iwe juu au iwe ndani. Mwaka 1933 mtaalamu wa Kiitalia, Giorgio Levi Della Vida, alitoa hoja kwamba jina sahihi ni al-Karaji, mtu wa Karaj, jina la mahali katika nchi ya Wairani. Kwa nukta moja iliyosogea, mtu amehama kutoka Iraki hadi Irani. Siku hizi wengi hufuata Karaji, ila vitabu vya zamani vilivyomo katika maktaba za shule vingali na Karkhi, na mwanafunzi asidhani ni watu wawili.

Mabishano haya yana uzito kwa sababu ya swali linaloulizwa kila mahali: je, wataalamu hawa walikuwa Waarabu, Waajemi, au Waturuki? Vitabu vingi vya shule husema kwa mkato kuwa ni "Waarabu", na wapinzani wao hujibu kwa hamaki kuwa ni "Waajemi". Rai yangu ni kwamba ni vema kwanza kuyasikiliza majina yenyewe. Khwarazm, Fergana, Tus na Kashan hazimo Arabuni. Wataalamu hawa waliandika kwa Kiarabu kwa kuwa ndiyo lugha iliyosomwa kutoka Andalusia hadi mipaka ya Bara Hindi, kama vile mtaalamu wa Dodoma au wa Nairobi aandikavyo leo kwa Kiingereza pasipo kuwa Mwingereza. Al-Kashi ni mfano mwema. Mwaka 1424 alikokotoa uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake hadi nafasi 16 za desimali, akitumia umbo lenye pande 805,306,368, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 150. Hesabu hiyo aliiandika kwa Kiarabu. Lakini alipomwandikia baba yake huko Kashan, kumweleza mambo ya Samarkand na wataalamu waliomzunguka Sultani Ulugh Beg, aliandika kwa Kiajemi.

Imebaki nisba moja inayotugusa kwa karibu. Miongoni mwa wanafunzi wa Nasir al-Din al-Tusi huko Maragha alikuwapo Qutb al-Din al-Shirazi, aliyezaliwa Shiraz mwaka 1236. Na mwanafunzi wake mwenyewe, Kamal al-Din al-Farisi, alieleza rangi za upinde wa mvua kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji. Kwa mtu wa Shiraz kuitwa Shirazi hakuna la kushangaza. Jina hilo hilo, hata hivyo, limebebwa kwa karne nyingi na jamaa wa Unguja, Pemba, Kilwa na visiwa vya Ngazija, na tarehe za kale za Kilwa husimulia kwamba watawala wa kwanza walitoka Shiraz kwa majahazi. Wanahistoria wengi wa karne ya 20 walilitilia shaka simulizi hilo. Walisema nisba hiyo huenda ilichukuliwa kwa ajili ya heshima, na hoja yao ilikuwa na nguvu, kwa kuwa tumekwisha kuona jinsi nisba inavyoweza kurithiwa na kuazimwa.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA iliyotolewa katika mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani baina ya miaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Ilionekana kwamba watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia walianza kuchanganyika pwani kufikia mwaka 1000 hivi. Katika ile sehemu iliyotoka Asia, kiasi cha asilimia 80 hadi 90 kilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Baada ya mwaka 1500 hivi asili ya Arabuni inazidi kuonekana, na hizo ndizo karne ambamo nisba za koo za Omani, kama Mazrui na Busaidi, zilipata nguvu katika pwani. Maabara haiwezi kutaja mji. Haijui kama mababu hao walipakia Shiraz yenyewe au katika bandari fulani ya Ghuba. Wala utafiti huo hauhusu kila anayejiita Mshirazi leo, kwani watu wa pwani wameendelea kuchanganyika baada ya makaburi hayo kufukiwa.

Ila utafiti huo umeonyesha jambo ambalo nisba haikupata kulisema. Katika wengi wa marehemu hao wa mijini, zaidi ya nusu ya DNA ilitoka kwa mababu wa Afrika, na wengi wa mababu hao walikuwa wanawake. Nisba hurithiwa kwa baba. Bibi hao wa Mtwapa, wa Manda na wa Kilwa hawakuacha irabu yoyote mwishoni mwa jina la mtu.